Daftari la Mgao: Safari ya Kurudi Milima ya Usambara

Kutoka Dar es Salaam hadi Lushoto sina la kulalamikia. Basi liliondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, kabla ya alfajiri, tukapita Chalinze, Segera na Korogwe, na kufikia mchana tulikuwa Mombo, mahali ambapo barabara inaiacha tambarare na kuanza kuukwea mlima kwa kona kali kupitia Soni. Adha ilianzia Lushoto mjini. Noah ya kwenda Mlalo, ambayo imetengenezwa kubeba watu wanane, ilipakia kumi na watatu pamoja na magunia mawili ya mbolea, na kondakta akatutoza nauli ya juu kwa madai kwamba barabara ni mbaya, wakati barabara hiyo ni ileile ambayo amekuwa akiipita kila siku. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alilipa bila kusema neno. Iliniuma, kwa sababu watu wa milimani hawana njia nyingine ya kufika kwao, na anayelijua hilo hujipangia bei anavyotaka.

Nilikuwa nimeitwa kwa shughuli ya kifamilia ya kugawana shamba la marehemu mama. Hiyo ilikwisha salama na haina haja ya kusimuliwa. Ninachotaka kukiandika ni mchana mmoja niliokaa barazani kwa mzee aliyekuwa muuza duka la kijiji nilipokuwa shule ya msingi.

Kwanza nilipita shuleni. Majengo ni mapya, madirisha yana vioo, na ukungu wa Julai unabaki nje. Enzi zetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukungu uliingia darasani ukakaa nasi hadi saa nne, na ubao ukawa hausomeki kutoka dawati la nyuma. Tulikuwa wengi kupita kiasi, kwa kuwa Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto aliyefikia umri aandikishwe ifikapo 1977, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu kazini, nasi tukawaita walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote. Mmoja wao alitufundisha hesabu kwa subira ambayo sikuiona tena hata sekondari. Daftari moja lilikatwa kati kwa wembe likawatosha watu wawili, na penseli vilevile. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka, kisha kila mmoja akakabidhi alichoagizwa: kuni, ndoo ya maji, au samadi ya shamba la shule, maana sera ya Elimu ya Kujitegemea haikuwa maneno ya kwenye kitabu tu, ilikuwa jembe mkononi.

Shule na duka vilitazamana, katikati ukiwepo uwanja wa mpira. Duka lile awali lilikuwa la mtu binafsi. Mwaka 1976, serikali ilipoendesha Operesheni Maduka, maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya kijiji, na jengo lile likapata mwenye ufunguo mpya, kijana mrefu aliyejua kusoma na kuandika vizuri. Huyo ndiye mzee wangu wa barazani.

Ninayakumbuka mambo ya ndani ya duka kwa pua kuliko kwa macho: mafuta ya taa, chumvi ya mawe na mche wa sabuni uliokatwa vipande kwa waya. Mafuta yalipimwa kwa kopo dogo na kumiminwa kwa faneli kwenye chupa tulizokuja nazo, nayo yalitakiwa yatoshe koroboi kwa wiki nzima. Tulizishika sarafu kwa nguvu hadi zikaacha alama kiganjani, ile ya senti 20 yenye mbuni na ile ya senti 50 yenye sungura. Mtoto aliyetumwa dukani akiwa na ile ya sungura alijiona mtu mzima. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipopungua na viwanda kukosa malighafi na vipuri, rafu zilibaki tupu. Tulifua nguo kwa maji ya majivu, na chai tukainywa huku tunatafuna kipande cha muwa.

Gari la bidhaa lilipoonekana linapanda, habari ilifika darasani kabla ya vumbi kutua. Watu walipanga foleni tangu usiku, na asiyeweza kusubiri aliweka jiwe. Kila jiwe lilikuwa na mwenyewe, na hakuna aliyelisogeza la mwenzake. Tulitumwa wakati wa mapumziko kuhakiki mawe ya nyumbani kwetu, nami ninaamini kwamba heshima ya zamu, ambayo ninaikosa sana mjini, niliifundishwa na mstari ule wa mawe kuliko na somo lolote la siasa.

Siku moja ya mwaka 1982 jiwe la mama lilikuwa la tatu. Gari lilileta sukari, tuliiona kwa macho ikishushwa, na dirisha lilipofunguliwa tukaambiwa imekwisha. Mama alirudi na mfuko mtupu. Nyumbani kulikuwa na mdogo wangu aliyekuwa mgonjwa na hataki kunywa uji usiokuwa na sukari. Kijiji kizima kilisema muuza duka ameificha, na mimi nililibeba neno hilo hadi nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto.

Nilimkuta ameketi juani na koti zito, macho yake yakiwa bado mazuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia jina la mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama yako hakunitukana hata siku moja. Wengine walinitukana." Basi nikamwuliza moja kwa moja habari za siku ile ya sukari. Hakukasirika. Alimwita mjukuu wake aingie ndani amletee sanduku la bati.

Ndani ya sanduku lilikuwemo daftari kubwa lenye jalada gumu, limeandikwa kwa mkono ulionyooka kama wa mwalimu. Kila ukurasa una tarehe, bidhaa, kiasi kilichoingia, na chini yake majina ya wakuu wa kaya na alichochukua kila mmoja. Nililiona jina la baba. Kilo moja ya sukari, kisha miezi mitupu, kisha nusu kilo, kisha vibiriti viwili na kipande cha sabuni. Nilivisoma vile vibiriti mara kadhaa. Utoto wangu wote wa dukani ulikuwa pale kwa wino wa bluu, katika hati ya mtu niliyedhani anatuibia.

Alifungua ukurasa wa siku ile. Ziliingia gunia mbili za kilo 100 kila moja, na kaya zilikuwa zaidi ya 400. "Piga hesabu, mwanangu," aliniambia, "wewe umesoma." Hata kama kila kaya ingepewa nusu kilo, isingetosha. Lakini haikufika hata hapo. Chini ya ile tarehe alikuwa amebandika vikaratasi vitatu kwa gundi ya unga. Vilikuwa vimemo, maandishi mafupi ya kumwagiza ampe mtu fulani bidhaa. Kimoja kiliomba kilo kumi kwa ajili ya kinamama waliojifungua, na hicho sikuwa na neno nacho. Kingine kilihusu msiba. Cha tatu, kifupi kuliko vyote, kilimtaka ampatie aliyekileta gunia zima, bila sababu na bila salamu, na chini yake kulikuwa na saini ya mkubwa mmoja ambaye simtaji. Kiasi kilichobaki kilianza kwa kaya zilizorukwa mgao uliopita, ndiyo maana jiwe la tatu halikumsaidia mama.

Nilimwuliza kwa nini hakusimama akawaeleza watu. Akasema, "Ningeeleza, kesho ufunguo angepewa mwingine, na huyo asingeandika kitu." Nimelifikiria jibu hilo njia nzima ya kurudi. Ninaliona lina ukweli, na bado ninaona kwamba watu waliosimama nje na watoto wao walistahili kuambiwa kuhusu kile kimemo siku ileile. Kusubiri sukari isiyokuwepo tuliweza. Kilichotuumiza ni kutojua imekwenda wapi.

Aliendelea kusimulia hadi jua likageuka: msako wa 1983 wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, ambapo wenye bidhaa walizitupa usiku kwa woga, kisha ruhusa ya 1984 kwa wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, na jinsi sabuni zilivyoanza kuonekana tena hadi duka la kijiji likakosa wateja. Leo jengo ni duka la mjukuu wake. Lina sukari ya kupimwa muda wote, sabuni ya unga, vocha, na dirisha la wakala wa fedha za simu. Bei imepanda kwa kuwa kila kitu kinapandishwa kutoka Mombo, na mama mmoja aliyekuja nikiwa pale alichukua robo kilo kwa mkopo, ikaandikwa.

Nilimwomba mzee aniachie daftari nikalitolee nakala Lushoto. Alikataa, akasema lina majina ya watu na haliwezi kulala nje ya nyumba yake. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, naye akakubali kuwapeleka wanafunzi wa darasa la sita wakalinakili kwa mkono palepale barazani, mzee akiwa nao kuwasomea penye hati iliyofifia. Nimeacha fedha za madaftari na kalamu. Mzee ametoa sharti moja, kwamba vimemo navyo vinakiliwe, vyote, na saini zake.