Siku nahodha alipozima injini

Peja, kile kidude cha kutuita kazini, ililia mchana kweupe, saa ambayo hata huwazi habari za kuokoa mtu, bahari shwari, jua linawaka, watu wanaogelea zao. Nikaacha kila kitu nikakimbia stesheni yetu ya boti ya uokoaji. Pale hakuna anayelipwa, nahodha wetu ni mwalimu, dereva wa trekta ni makenika, na mimi nilikuwa bado mgeni mgeni hivi, mafunzo nimemaliza ila siku nyingi nabaki nchi kavu kushika kamba na kuosha boti. Siku hiyo watu pungufu. Nahodha akaniangalia, "we vaa, twende."

Taarifa yenyewe: binti yuko kwenye boya la kuchezea, lile la kupuliza, upepo unampeleka. Na huu upepo wa kutoka nchi kavu ndo unaodanganya watu aisee, manake ukisimama ufukweni unaona maji yametulia kabisa, kumbe hapo upepo ndo kwanza unaanza kuyagusa, mbele huko yanachafuka kadiri unavyokwenda, na boya jepesi limejaa hewa halina ubishi, linaondoka tu.

Trekta ikatushusha majini, watatu kwenye boti ya mpira, na binti tukamwona mapema maana boya lilikuwa la rangi kali, kalikumbatia kwelikweli. Nikajisemea kazi si ndo hii. Tumemvuta ndani, hata hajavuta pumzi vizuri, anauliza: "Kaka yangu yuko wapi?"

Kumbe kaka mtu alipoona boya linakwenda akajitosa kulifuata, na aliyepiga simu hakumwona.

Nahodha akachutama karibu naye, sauti ya darasani kabisa, "mdogo wangu, mara ya mwisho ulimwona upande gani?" Binti akaonyesha. Nahodha akaripoti kwenye redio kwamba kuna mtu wa pili majini, alafu, cha ajabu, hakurudi njia tuliyojia. Mie nilidhani tutafuata mstari ule ule, ila boya linasukumwa na upepo, mtu aliyezama mpaka shingoni anachukuliwa zaidi na mkondo, kwa hiyo wale ndugu wawili bahari ilishawatenganisha zamani. Tukaenda pembeni, tukawa tunakata maji kwenda na kurudi, kila mtu na upande wake wa kuangalia. Kichwa cha mtu baharini ni kama kifuu, kiwimbi cha nusu mita tu kinakificha, nilikuwa naona vichwa kila mahali na vyote povu.

Basi nahodha akazima injini. Nikaona huyu kachanganyikiwa, tunatafuta mtu wewe unazima injini? "Nyamazeni." Binti mwenyewe akaziba mdomo kwa kiganja. Maji yanapiga ubavuni, pap, pap, alafu nikasikia kama mtu anakohoa. Mwenzetu wa tatu kashanyoosha kidole.

Alikuwa chali, mikono kaitanua, anaelea. Baadaye alisema hakuna aliyemfundisha, alichoka tu akajigeuza, na naamini ndo kilichomwokoa, angeendelea kukimbizana na lile boya asingefika popote. Nikataka kumwinua nimkalishe, nahodha akanikatiza, "mlaze hivyo hivyo!" Maji yalikuwa yanambana mwili mzima muda wote ule, ukimtoa wima na baridi ile presha inaweza kushuka ghafla akazimikia mikononi mwako, hata kama dakika hiyo anaongea vizuri. Tukamviringisha ndani kalala.

Ufukweni mama yao akaingia nao kwenye ambulansi, akabaki mjomba, kashika pochi, anataka kulipa. Nahodha akamwambia, "Mzee wangu, hapa hatulipishi, sanduku la michango liko pale mlangoni." Ndivyo kazi hii inavyoendeshwa sehemu nyingi, hata RNLI, shirika la boti za uokoaji la Uingereza lililoanza 1824, linategemea zaidi michango na watu wa kujitolea mpaka leo, ingawa mafuta na injini hazijui kujitolea. Mjomba akaweka chake, alafu badala ya kuondoka akakunja suruali akachukua mpira wa maji, manake boti ambayo haijaoshwa chumvi na kujazwa mafuta haihesabiwi iko tayari, na hakuna anayeenda nyumbani kabla ya hapo. Aliosha vibaya kweli. Nahodha akawa anamfuata nyuma, "na huku chini mzee wangu, kwenye matairi ya trela bado."