Uwanja wa gofu wa mashimo 12 kisiwani Arran
Wengi wanaokwenda Uskoti kucheza gofu huishia St Andrews, lakini nawasihi wapenzi wa mchezo huu wavuke kwa feri hadi kisiwa cha Arran, wakacheze Shiskine, uwanja ulioanzishwa mwaka 1896 kando ya bahari, katika kijiji cha Blackwaterfoot. Una mashimo 12 badala ya 18 yaliyozoeleka, kwa hiyo asubuhi moja inatosha. Shimo la tatu, liitwalo Crow's Nest, ndilo lililonivutia zaidi: unapiga mpira kuelekea juu ya kilima bila kuliona shimo lenyewe, na ukishapanda unaiona rasi ya Kintyre ng'ambo ya maji, mandhari ambayo kwangu inazidi ya viwanja vingi vyenye majina makubwa. Upepo huwa mkali hata wakati wa kiangazi, hivyo koti lisikosekane.