Ijumaa moja Mikindani: siku ya kupima kivuli

Saa 11 alfajiri

Niliamshwa na adhana ya msikiti ulio nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, Chikongola, mjini Mtwara, na kwa dakika chache nililala nikisikiliza majogoo na kujiuliza niko nchi gani. Tangu mwishoni mwa Januari nimekuwa mwanafunzi wa mpango wa kubadilishana huko Alnarp, kusini mwa Sweden, kati ya miji ya Malmö na Lund, ambako ninasoma usanifu wa mandhari kwa muhula mmoja wenye alama 30, yaani mzigo kamili wa masomo ya muhula, na ambako katikati ya mwezi huu wa Mei jua huchomoza wakati kama huu na kuzama baada ya saa tatu usiku. Hapa nyumbani giza lilikuwa bado zito. Nimerudi kwa wiki mbili na nusu tu, kwa sababu kozi ya mwisho ya muhula inamtaka kila mwanafunzi achague eneo halisi, alipime, kisha alisanifu upya, nami niliomba eneo langu liwe uwanja mdogo ulio kando ya ghuba ya Mikindani, ambao nilikuwa nikiukatiza utotoni kila nilipotumwa samaki. Nauli ya ndege imemeza posho yangu ya miezi miwili, jambo ambalo shangazi hajaambiwa.

Saa 12 asubuhi

Tulikunywa chai ya rangi kwa mihogo ya kuchemsha. Shangazi aliniambia kwamba majirani wanamuuliza mwanawe anasomea nini Ulaya, naye huwajibu kwamba anasomea bustani. Nilijaribu kumweleza kwamba usanifu wa mandhari ni kazi ya kupanga nafasi zote za nje ya majengo, yaani mahali maji ya mvua yatakapopita, mahali mti utakapopandwa, mahali mtu atakapoketi na atakachokiona akiwa ameketi. Alinisikiliza kwa utulivu mpaka nilipomaliza. "Basi, mwanangu, nitawaambia unasomea mitaro." Nilikubali, kwani jibu hilo liko karibu zaidi na ukweli kuliko lile la maua.

Saa 1 asubuhi

Daladala kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani husafiri takriban kilomita kumi, na kwa siku ya Ijumaa ilijaa mapema. Mgeni akishuka pale huonyeshwa Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, kisha huelezwa kwamba David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Hayo ni kweli, lakini mimi nilipita moja kwa moja hadi uwanjani, ambapo hapakuwa na kibao chochote cha historia: ardhi ya mchanga iliyochanganyika na vipande vya matumbawe, mwembe mmoja mkubwa, mikungu miwili upande wa maji, banda la bati la wavuvi, na magogo mawili ya mnazi yaliyolazwa chini kama viti. Gogo la upande wa kusini mwa mwembe limeng'aa kwa kukaliwa. La upande wa kaskazini limeota majani pembeni, na katika ramani niliyoanza kuichora siku mbili kabla nilikuwa nimeandika juu yake neno moja: "halitumiki".

Saa 1:40 nilisimika kijiti changu cha mita moja mahali palipo wazi, nikakihakiki kwa timazi, nikapima kivuli chake. Kilikuwa na urefu wa mita tatu na nusu hivi, kimelala kuelekea magharibi na kupinda kidogo kusini. Kazi ya siku nzima ilikuwa hiyo tu: kila saa kupima kivuli cha kijiti, kuchora ukingo wa kivuli cha kila mti, na kuhesabu watu waliopo, nikitenga wanaopita, wanaosimama na wanaoketi.

Saa 2 hadi saa 4

Utaratibu huu wa kuhesabu watu si wangu. Unahusishwa sana na Jan Gehl, msanifu wa Denmark, ambaye alitumia miaka mingi kuhesabu watu katika mitaa ya Copenhagen, ukiwamo mtaa wa Strøget uliofungwa kwa magari mwaka 1962. Copenhagen iko ng'ambo ya daraja la Øresund kutokea Malmö, na mwezi Machi nilikwenda kufanya zoezi hilo huko, nikiwa nimevaa makoti mawili, nikaona jambo lililonikaa kichwani: watu waliketi palipokuwa na jua na kupakimbia palipokuwa na kivuli cha majengo, na jua liliposogea, nao walisogea nalo. Katika masomo yetu kivuli hutajwa mara nyingi kama hasara. Jengo refu hushutumiwa kwa kivuli linachokitupa uwanjani, na mti husifiwa kwa kupukutisha majani wakati wa baridi ili ule mwanga mchache uwafikie watu. Ni fikra sahihi kabisa kwa nchi ambayo mwezi Desemba jua la mchana halipandi zaidi ya nyuzi 11 juu ya upeo, kiasi kwamba kijiti kama changu kingetupa kivuli cha mita tano saa sita mchana.

Asubuhi hii waliopita uwanjani walikuwa wengi kuliko walioketi, kwa sababu samaki walikuwa wakiteremshwa na kila mtu alikuwa na haraka yake. Ilipotimia saa nne kamili kivuli cha kijiti kikawa sawa na kijiti chenyewe, takriban mita moja. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu kwenye gogo la kusini alikuwa akinitazama tangu saa mbili, nami nikaona ni utovu wa adabu kuendelea kumzunguka na futi bila kwenda kuketi naye.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kiwanja kimeuzwa?"

Swali hilo nililitarajia. Mtu akionekana na futi na daftari mahali popote pwani, jambo la kwanza linalofikiriwa ni kwamba pameshapata mwenyewe mpya. Nilimwonyesha barua yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, nikamweleza kwamba ni kazi ya shule na kwamba ninachopima ni kivuli. Aliisoma barua yote, kwa taratibu, akanirudishia. Kisha akasema kwamba hajawahi kusikia mtu akipelekwa Ulaya kusomea kivuli, akaendelea kushona.

Saa 6:15 mchana

Hapa ndipo siku yangu ilipogeuka. Mtwara iko magharibi ya longitudo ambayo saa zetu zinaifuata, na kwa hiyo kivuli kifupi kuliko vyote hakipatikani saa sita kamili bali dakika kama kumi na tano baadaye. Niliingoja dakika hiyo nikiwa nimepiga magoti. Kivuli kilipima sentimita 56, nacho kilielekea kusini.

Nilikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa sababu michoro yangu yote iliyotangulia ilikuwa imeweka viti upande wa kaskazini mwa mwembe. Niliitengeneza nikiwa Alnarp kwa kutumia picha ya setilaiti na programu ya kukokotoa vivuli, na sasa nikatambua kwamba sikubadilisha mahali katika programu hiyo. Ilikuwa bado imewekewa Malmö. Huko, kwa kuwa ni mbali kaskazini mwa mstari wa Kansa, ambao ndio mpaka wa kaskazini wa maeneo yanayoweza kupata jua la utosini, jua la adhuhuri huwa kusini kila siku ya mwaka, na kivuli chake huelekea kaskazini bila kubadilika. Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mara moja katika nusu ya pili ya Oktoba na mara nyingine katika siku za ishirini za Februari. Katikati ya tarehe hizo, yaani wakati wa joto kali, jua huwa kusini yetu na kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini, na miezi mingine yote huwa kinyume. Mtoto wa Mtwara aliyecheza chini ya miembe kwa miaka kumi na minane alihitaji kupigishwa magoti na kijiti ili alikumbuke jambo hili.

Nilimwendea tena babu na ramani yangu, nikamwuliza kwa nini gogo la kaskazini halikaliwi. Hakuhitaji kuitazama ramani.

"Lile ni la kaskazi. Hili ni la kusi. Jua likihama, nasi tunahama."

Kisha alinieleza jambo ambalo hesabu zangu zisingenionyesha. Katika miezi ya kusi, kama sasa, kivuli cha adhuhuri huwa kusini mwa mwembe na upepo nao hutoka huko huko, kwa hiyo anayeketi pale hupata vyote viwili. Ifikapo kaskazi, kivuli huhamia upande wa pili, na upepo nao huanza kuvuma kutoka kaskazini mashariki. Magogo yale mawili yaliwekwa na wavuvi kwa sababu hiyo, na majani yanayoota kando ya la kaskazini ni ya miezi miwili tu, tangu watu walipolihama. Nilichukua ufutio nikafuta neno "halitumiki", na karatasi ikachanika kidogo kwa jinsi nilivyofuta kwa nguvu.

Saa 7 hadi saa 8 mchana

Baada ya swala ya Ijumaa uwanja ulijaa. Nilihesabu watu 31 wameketi, ambao wote isipokuwa wawili walikuwa ndani ya kivuli cha mwembe, wamebanana hadi ukingoni kabisa, na wawili hao walikuwa vijana waliolala ndani ya ngalawa iliyopandishwa juu, chini ya tanga. Chini ya mikungu hakuwa ameketi mtu. Mkungu una kivuli kizuri kilichotandazwa kama mwavuli, lakini huwa na kipindi chake cha majani kugeuka mekundu na kuanguka, na mama ntilie aliyeniuzia wali na samaki alilalamika kwamba akiketi chini yake ni lazima awe anafunika sufuria kila mara. Maelezo hayo ya sufuria nayo nimeyaandika.

Saa 9 alasiri

Sweden kwa sasa iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo saa nane yao ilikuwa saa tisa yangu, muda wa kikao cha kuchambua kazi kwa njia ya video. Nilinunua bando, nikaketi penye mtandao mzuri karibu na barabara kuu, na kuinua ramani yangu mbele ya simu. Wanafunzi na walimu huko huitana kwa jina la kwanza, bila cheo, na baada ya miezi minne bado siwezi. Mimi husema "mwalimu" kwa Kiswahili, nao wameshalizoea neno hilo na kudhani ni heshima ya pekee, nami sijawasahihisha.

Nilikiri kosa la programu kabla sijaulizwa. Mwalimu alicheka kidogo, kisha akaniuliza maswali matatu mfululizo kuhusu yale magogo: yana uzito gani, nani huyahamisha yakioza, na je, kuna mahali pengine pwani penye viti vya namna hiyo. La mwisho sikuwa na jibu lake. Baadaye mazungumzo yaligeukia mizizi ya mwembe, ambayo imeachwa wazi na maji ya mvua upande wa barabara, na alipendekeza niitazame upya mifereji ya wazi ya Augustenborg, mtaa wa Malmö ambako tangu mwaka 1998 maji ya mvua, yaliyokuwa yakifurika hadi kwenye vyumba vya chini vya majengo, yaliondolewa kwenye mabomba na kupitishwa juu ya ardhi hadi kwenye mabwawa. Nilipatembelea mwezi Aprili na napapenda. Hata hivyo nilimweleza kwamba mfereji wa namna ile Mikindani ungekaa mkavu kwa karibu nusu ya mwaka, ungejaa mchanga na mifuko, kisha ungepokea mvua ya Januari yote kwa mkupuo mmoja. Alisema nichore huo basi, mfereji unaojaa mchanga. Mtandao ulikatika hapo.

Saa 10 jioni

Watoto wanne waliotoka shule walinishikia futi bila kuombwa. Tulifuata njia ya maji kutoka ukingo wa barabara: hushuka kwenye kona ya ukuta wa nyumba ya mawe, huupiga mwembe upande wa mashariki, halafu hugawanyika kuelekea baharini. Mzizi mnene ulikuwa umeinuka sentimita 40 juu ya ardhi, na watoto walinionyesha kwamba wao huutumia kama farasi. Kivuli cha kijiti kilikaribia mita mbili, sasa kikielekea mashariki. Ilikuwa wazi kwamba mwembe ukidhoofika, hakuna kiti nitakachokichora pale kitakachokuwa na maana, na kwamba nusu ya karatasi zangu zilizobaki ni lazima ziwe za mtaro, kama shangazi alivyosema.

Saa 12 jioni

Vivuli vilirefuka hadi vikafikia nyumba za juu, kisha jua likazama na vyote vikatoweka kwa pamoja. Babu alikwishaondoka, nyavu zake zimekunjwa juu ya gogo la kusi.

Saa 2 usiku

Nilikula ugali kwa pweza, kisha nikatandaza karatasi sakafuni na kuchora upya: gogo moja kila upande, mepesi kidogo kuliko ya sasa, na mwembe mchanga umbali wa mita 12 kutoka kwa mkubwa, ukingojea zamu yake. Shangazi alisimama mlangoni akauliza nimeshinda nikifanya nini hata nikaungua uso hivi. Nilimwambia nimepima kivuli.

"Kutwa nzima juani, kwa ajili ya kivuli?"

Aliniletea mafuta ya nazi. Nimetega saa iniamshe saa kumi na nusu alfajiri, kwa sababu leo nilichelewa na sina kipimo cha saa moja kamili.