Chokaa ya Shilingi Mbili

Treni ya kutoka Birmingham ilinishusha Stratford-upon-Avon, Uingereza, asubuhi, manyunyu yakidondoka. Abiria wenzangu karibu wote walishika njia ya Henley Street, kwenye nyumba aliyozaliwa Shakespeare. Mimi nilinyoosha hadi Chapel Lane. Tangu nisome Juliasi Kaizari, igizo lake alilolitafsiri Mwalimu Nyerere, nikiwa sekondari, nimekuwa na kiu ya kujua Shakespeare alilelewa katika ulimwengu gani, na pale pembeni mwa njia kuna kikanisa cha mawe ambacho ukuta wake unaueleza.

Kilikuwa cha Chama cha Msalaba Mtakatifu. Wanachama walichanga fedha, mapadri wakaziombea roho za marehemu wao zitoke toharani, mahali ambapo Wakatoliki huamini roho hutakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Mwaka 1547, chini ya Mfalme Edward VI, Mprotestanti, vyama vya namna hiyo vikafutwa na mali zao zikachukuliwa. Toharani haipo, watu wakaambiwa. Jana ulimwombea mama yako. Leo sala yako haina pa kwenda.

Juu ya tao la kuingilia madhabahuni kuna mchoro wa Siku ya Hukumu. Umefifia sana. Nilisimama muda mrefu nikiona madoa tu, hadi bibi mmoja anayejitolea pale akaja taratibu, akanyoosha kidole. Ndipo wakajitokeza: watu wadogo, uchi, wekundu kama udongo wa kichuguu, wakichomoza makaburini mmoja mmoja.

Hesabu za mji zilizosomwa Januari 1564 zinaonyesha shilingi mbili zililipwa kwa kazi ya kuharibu picha za kikanisa. Michoro ikapakwa chokaa. Mmoja wa watunza hazina wawili wa mji alikuwa John Shakespeare, na mwanawe William alibatizwa Aprili 26 mwaka huohuo. Mtoto alikulia kando ya ukuta mweupe ambao kila mtu mzima mjini alijua umeficha nini. Michoro ilionekana tena mwaka 1804.

Nilikaa kwenye benchi nikamkumbuka Hamlet, mwana wa mfalme katika igizo la Shakespeare lenye jina hilo. Mzuka wa baba yake unasema umefungwa motoni hadi dhambi zake ziungue na kutakasika. Hiyo ni toharani yenyewe, imepandishwa jukwaani London, mbele ya watu waliokatazwa kuiamini! Na mwana anayeambiwa hayo amesoma Wittenberg, mji wa Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti. Baba wa dini ya zamani, mwana wa dini mpya, na marehemu anadai akumbukwe. Kwangu mimi, igizo lile lisingeweza kutungwa miaka 100 kabla, wala 100 baadaye.

Hata maigizo ya Biblia ya mafundi wa Coventry, mwendo wa kilomita kama 30 kutoka hapa, yalikoma mwaka 1579, William akiwa na miaka 15. Herode alikuwa akipayuka humo, na Hamlet anawaonya waigizaji wake wasimzidi Herode kwa makelele.

Nilipotoka nilivuka hadi New Place, kiwanja alichonunua Shakespeare mwaka 1597. Nyumba ilibomolewa 1759, imebaki bustani. Nikasimama palipokuwa na lango, mvua imekatika. Ng'ambo ya kijia, hatua chache tu, ni ukuta wa kikanisa kilekile. Alipotoka nyumbani kwake kila asubuhi, huo ndio uliokuwa mbele yake.