Muziki wa kusubiri daktari wa meno

Oktoba 2022. Ijumaa jioni niliiweka The Car, albamu mpya ya bendi ya roki ya Arctic Monkeys, maharage yakiwa jikoni. Sudi akapita na chai yake, akasimama.

"Mamdogo, hapa tunasubiri daktari wa meno?"

Nikamwambia anyamaze asikilize. Akasikiliza kama dakika hivi, piano na fidla tu, mwimbaji wao Alex Turner hata mdomo hajafungua.

"Bado hajaitwa jina?"

Akatabasamu, akaenda zake chumbani.

Tangu hapo sina raha. Waziri mkuu wa hapa Uingereza, Liz Truss, kajiuzulu, mimi nimehamishiwa zamu za usiku, lakini nikiosha vyombo natunga majibu ya kumpa Sudi. Ningemwambia hawa ni watoto wa hapahapa Sheffield, wa mtaa wa High Green, na albamu yao ya kwanza mwaka 2006 iliuza nakala zaidi ya 360,000 wiki ya kwanza tu. Ningemwambia yale magitaa mazito ya albamu yao ya AM anayopigia pushapu ni ya 2013, alitaka wayarudie hadi lini? Turner alipotimiza miaka 30 meneja wake alimzawadia piano. Nyimbo za albamu ya 2018 akazitungia hapo, gitaa likawa mgeni.

Utani ningeumeza. Lile tabasamu ndilo limenikaa kooni, la kumwonea huruma mtu mzima. Turner ametimiza miaka 36 mwaka huu wa 2022. Na mimi ni hiyohiyo, jamani.

Halafu jana asubuhi kwenye tramu, nimetoka zamu macho mazito, albamu ikafika kwenye wimbo wa Body Paint. Inaanza taratibu, anaimba kwa sauti nyembamba ya juu, unadhani itaisha hivyohivyo. Mara mwishoni magitaa yanaingia, machafu, yanakwaruza, na Matt Helders anazichapa ngoma kama zamani. Nilicheka peke yangu, mzee wa kiti cha mbele akageuka. Na ile nyimbo ya Sculptures of Anything Goes, sinthesaiza yake, kile kinanda cha umeme, inatikisa kifua; nionyesheni daktari wa meno anayewapigia wagonjwa wake kitu kama hicho! Sisemi zote ni tamu. Katikati mbili tatu zinajikokota.

Sudi sijamwambia lolote. Na wala sasa sina hamu, maana baba kapiga simu kutoka Tanga, dawa za presha zimebaki za wiki hii, na yule aliyeahidi kubeba mzigo hapokei simu.