Kiazi Chini ya Jiwe: Kutafuta Begonia Ukingo wa Mufindi

Kutoka Mafinga, barabara ya vumbi inapita kwenye mipaina, kisha inaingia kwenye chai, na chai inakoma ghafla. Ng'ambo ya mfereji ni msitu wa Uzungwa Scarp, unaoteremka kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi takriban mita 300 upande wa Kilombero. Ukungu hupanda kutoka bondeni mchana na kulowesha kila jiwe. Ndipo zilipo begonia, mimea midogo ya maua tuliyoifuata.

Tulikwenda mwisho wa Januari, na tarehe ndiyo nusu ya kazi. Huku mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Begonia ya kiazi huchipua mvua ikishakolea, hutoa maua katikati ya msimu, na mvua zikikatika shina linadondoka. Kuanzia Juni hakuna jani, hakuna ua. Kuna kiazi tu ndani ya ufa. Watafiti wengi huja wakati wa kiangazi kwa sababu barabara zinapitika, wakapita juu ya mmea wasiouona. Ukitaka spishi (aina ya mmea) ambayo haijaelezwa kisayansi wala kupewa jina, nenda wakati gari linakwama. Letu lilikwama mara mbili.

Vibali vilitangulia: cha utafiti kutoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, cha kuingia hifadhini kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Anayedhani ataokota kidogo kisha afuatilie karatasi baadaye, ajue sampuli ya namna hiyo haiwezi kutegemewa kubeba jina jipya.

Mzigo ulikuwa presi mbili za mbao za kubania mimea inayokaushwa, magazeti ya zamani, karatasi laini za choo, chupa ndogo ishirini za spiriti ya asilimia 70, silika jeli (punje zinazofyonza unyevu), nyembe, lenzi ya mkono ya mara 10, kijiko cha chuma na kijiti cha mwanzi. Jembe tuliliacha. Jembe hukata viazi.

Siku ya kwanza tulikuta ile inayojulikana, Begonia sutherlandii, yenye maua ya rangi ya chungwa, imening'inia kwenye ukuta wa udongo mbichi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1868 kwa mmea uliotoka Natal, Afrika Kusini, na spishi hiyo inafika hadi Tanzania. Inafaa kuanza nayo ili jicho lizoee: kiazi, shina la maji, jani ambalo nusu moja ni kubwa kuliko nyingine, na vijichipukizi kama punje kwenye kwapa za majani, ambavyo vikidondoka huota.

Siku ya pili tulifuata kijito. Sikitaji jina lake kwa makusudi. Begonia za porini zina wanunuzi, na mahali penye mimea thelathini panaweza kufagiliwa na mtu mmoja mwenye mfuko kwa asubuhi moja. Hata kwenye makala ya kisayansi unaweza kuficha viratibu kamili vya mahali na kuviacha kwenye lebo za hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa.

Chini ya jiwe lililoinama palikuwa na mmea wa maua meupe. Nilishika shina, na mzee aliyetuongoza akanizuia.

"Taratibu, mwanangu. Ukivuta unabaki na shina, chenyewe kinabaki humo."

Ni kweli tupu. Shina hushikamana na kiazi kwa kovu jembamba, na huachia kwa mvuto mdogo. Bila kiazi, sampuli haiwezi kusema kama mmea ni wa kiazi, wa shina litambaalo, au wa mizizi ya kawaida, na hilo peke yake linaweza kuuhamisha mmea kutoka kundi moja la begonia hadi jingine. Tulichokonoa udongo kwa kijiti kuzunguka pande zote, tukatoa mmea pamoja na bonge lake, tukauosha kijitoni.

Kiazi kilikuwa na ukubwa wa ndimu ndogo, bapa upande uliogusa jiwe, ngozi ya kahawia yenye makovu ya mashina ya miaka iliyopita. Shina moja, sentimita 18, jekundu kwenye vifundo. Kwapa za majani tupu, hakuna vijichipukizi. Ua dume lilikuwa na tepali mbili (kwa begonia sepali na petali hazitofautiani, ndiyo maana ya neno hilo), na ua jike lilikuwa na tano, juu ya ovari yenye mabawa matatu, moja refu kuliko mengine.

Hapo ndipo wengi huteleza. Kwenye kishada cha begonia maua dume hufunguka kwanza na kudondoka, majike hufuata. Ukikusanya mmea mmoja, aghalabu unapata jinsia moja. Inabidi upitie mimea mingi, yenye umri tofauti, hadi upate dume, jike na tunda. Tulipata mawili ya kwanza tu.

Ovari ya jike tuliikata kwa wembe mpya, kwa upana, katikati. Vyumba vitatu, na ndani ya kila chumba plasenta (sehemu inayoshika mbegu) iliyogawanyika matawi mawili, imejaa vijiyai vya mbegu. Mkato huo una uzito kuliko umbo la jani. Majani ya begonia hudanganya: Begonia dregei ya Afrika Kusini ilishapewa majina kadhaa, suffruticosa, partita na natalensis yakiwemo, kwa sababu jani lake hubadilika sana, na baadaye yote yakarudishwa kwenye jina moja. Mmea wa kivulini na wa juani usikufanye utangaze spishi mbili.

Usiku kazi ni kukausha, na hapa begonia ni mkorofi. Maji ni mengi mno; ukiibana kama nyasi, siku ya tatu majani yamekuwa meusi na shina limeachana kwenye vifundo. Tulichovya mashina kwenye maji yaliyochemka kwa sekunde chache ili kuua chembe hai zake. Kiazi tulikipasua kwa urefu, la sivyo huchipua ndani ya presi. Nimekuta chipukizi nyeupe ikitoboa gazeti. Maua tuliyalaza kwenye karatasi ya choo, maana tepali hunata kwenye gazeti na kuchanika. Magazeti yalibadilishwa asubuhi na jioni. Jani la kupimia vinasaba lilikatwa vipande vidogo ndani ya silika jeli yenye uzito mara kumi wa jani, na silika ikabadilishwa mara moja, kwani ya kwanza ilishiba maji kabla ya asubuhi. Rangi na vipimo vya ua huandikwa ua likiwa bichi. Likikauka, nyeupe na waridi huwa kahawia ileile.

Tulichukua mimea mitatu kati ya thelathini na moja tuliyoihesabu, ya nne tukaiwekea utepe mwekundu kwenye mzizi wa mti ulio juu yake.

Kulinganisha ndiko kunakochukua muda: hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya Arusha, ya Nairobi, na picha za sampuli za Kew, bustani ya mimea ya Uingereza. Unatafuta sampuli inayokanusha wazo lako kwamba spishi ni mpya. Usipoiona, unaandika maelezo kwa Kiingereza au Kilatini, unateua sampuli moja kuwa holotaipu, yaani ile ambayo jina hufungwa kwayo, na kutaja hebaria inayoitunza. Tangu mwaka 2012 jina lililochapishwa kwa PDF katika jarida la mtandaoni lenye ISSN (namba ya utambulisho wa jarida) linakubalika. Lakini maelezo ya begonia bila tunda yana pengo, na kwa tunda tulilazimika kurudi.

Aprili jiwe lilikuwa lilelile. Majani yalikuwa yameanguka yote. Bila utepe tungepita. Shina lilibaki wima, kavu, na juu yake tunda kavu lenye mabawa matatu lililopasuka pembeni. Tulilifunga kwenye bahasha ya karatasi kabla ya kulikata. Mbegu zilimwagika ndani kama ugoro, nyingine zikabaki kwenye vidole.