Nilivyoinusuru injini niliyoifungia turbo

Gari langu la petroli halikutoka kiwandani na turbo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa ya ziada. Niliifunga baadaye hapa Tabora. Kila nikikanyaga mafuta barabara ya Urambo, injini inalia ka-ka-ka, kama kokoto kwenye kopo.

"Kaka, petroli inalipuka kabla ya wakati. Utatoboa pistoni," fundi akaniambia. Nikaona ananitisha. Akafungua plagi: kaure nyeupe pee, ina vidoadoa vya alumini ya pistoni. Nikanywea.

Hewa ilikuwa nyingi, mafuta kidogo. Tukabadilisha springi ya westigeti, ile valvu inayodhibiti presha ya turbo, presha ikashuka kutoka baa 0.8 hadi 0.4. Tukaweka nozeli kubwa za mafuta, tukairekebisha kompyuta izipeleke sawasawa na kuchelewesha taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, kidogo. Intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, niliyoibania pesa mwanzoni, nayo nikanunua.

Kelele kwisha. Nguvu imepungua, ila Noah bado naziacha.